Redio za hapa Kigoma, acheni kututangazia "viumbe wa anga" halafu mnakimbia majibu!

Wakuu salaam. Leo naandika kwa hasira na sitaificha.

Juzi usiku kituo kimoja cha redio hapa mjini (jina naliacha, wenyewe wanajijua) kilimweka studio jamaa aliyetambulishwa kama "mtafiti wa mambo ya anga", akapewa saa nzima. Anasema wanasayansi wananasa mawimbi ya redio kutoka angani, chanzo hakijulikani, kwa hiyo kuna viumbe huko wanatujibu na mataifa makubwa yanaficha. Mtangazaji yeye kazi yake "duh!" na kuchomekea sauti ya king'ora. Nikapiga simu. Mimi ni fundi redio, nina kibanda changu mtaa wa Mwanga, mawimbi ndiyo yanayonilisha. Kabla sijafika popote nikaambiwa, "Kaka yangu, usituharibie kipindi," laini ikakatwa.

Sasa nayaandika hapa niliyonyimwa kuyasema kule.

Hayo mawimbi yapo kweli. Mwaka 2007 mtaalamu anayeitwa Duncan Lorimer na wenzake walitangaza kwamba wamekuta, kwenye kumbukumbu za darubini ya redio (dishi kubwa la kunasa mawimbi ya redio kutoka angani) ya Parkes kule Australia, mpigo mmoja mkali ulionaswa mwaka 2001. Ulidumu chini ya milisekunde 5. Walijuaje umetoka mbali? Masafa ya juu (mawimbi yanayotetema haraka) yalifika kwanza, ya chini yakachelewa, kwa sababu njiani wimbi lilipita kwenye elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, zilizotawanyika angani, na hizo huchelewesha masafa ya chini zaidi. Ukipima kuchelewa huko unapata makadirio ya umbali. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza niliacha kazi mezani nikatoka nje kutembea. Ni jambo kubwa mno! Halafu mtu anakuja kulifunika kwa king'ora.

Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba kuna chanzo kimoja kinachopiga na kurudia. Mwaka 2017 wakajua kipo wapi: kwenye galaksi ndogo (galaksi ni kundi kubwa la nyota), kama miaka bilioni 3 ya mwanga kutoka hapa, yaani wimbi la redio, linalokwenda kasi sawa na mwanga, linachukua kama miaka bilioni 3 kutufikia. Hebu tulieni hapo. Wimbi hilo lilianza safari wakati duniani hakuna mtu, hakuna mnyama, hata samaki hayupo, ni vijidudu tu. Wanadamu tumeanza kurusha redio juzi tu, miaka mia na ushee. Sasa hao "wanaotujibu" wanamjibu nani?

Kubwa zaidi, ambalo jamaa hakuligusa kabisa: tarehe 28 Aprili 2020 mpigo wa aina hiyohiyo ulitoka ndani ya galaksi yetu wenyewe, ukanaswa na darubini ya CHIME ya Kanada na mitambo mingine Marekani. Aliyepiga ni magneta, kiini cha nyota iliyokufa, kidogo kwa umbo lakini chenye sumaku kali kupita kiasi. Haina maana kwamba mipigo yote imeshaeleweka, bado kuna mjadala. Lakini miaka yote hii imepita tangu 2020, na msikilizaji wa Kigoma bado anaambiwa "wanasayansi wamepigwa butwaa".

Na kuna kisa kingine ambacho fundi yeyote atakipenda. Palepale Parkes walikuwa wakinasa mawimbi fulani ya ajabu tangu miaka ya 1990, yanafanana na haya ya mbali. Mwaka 2015 wakamkamata mchawi: maikrowevu ya jikoni kwao. Mtu akifungua mlango kabla haijamaliza muda, inatema wimbi, darubini inalidaka. Wakalitangaza wenyewe mbele ya dunia nzima, bila kuona aibu.

Kwa nini hili linaniuma? Wiki hiyohiyo ya kipindi, mzee mmoja wa Ujiji aliniletea redio yake. "Mwanangu, hii redio imeingiliwa. Ikifika magharibi inanguruma, wajukuu wanasema ndio wale wa angani." Alikuwa ameacha kusikiliza taarifa ya habari ya usiku, na hiyo redio ndiyo rafiki yake tangu mkewe afariki. Pale kibandani ilikuwa safi kabisa. Nikamfuata hadi nyumbani, nikazima balbu ya LED ya sebuleni, mngurumo ukakata. Nikawasha, ukarudi. Balbu ya bei rahisi, saketi yake ya ndani inatoa kelele kwenye AM, na kontrola za sola nyingi ziko hivyohivyo. Mzee alinishika mkono hakuuachia. Hofu aliyokaa nayo siku zote hizo nani anamlipa?

Wala sisemi watu wasitafute uhai huko angani. Watafute! Frank Drake alianza mwaka 1960 kule Green Bank, Marekani, akaielekeza darubini kwenye nyota mbili. Mwaka 1977 darubini moja ya Ohio ilinasa wimbi la sekunde 72 ambalo mpaka leo halijawahi kusikika tena, na wenye akili zao wanasema tu "halijathibitika". Mwaka 2019 mradi wa Breakthrough Listen, wa kutafuta viumbe wenye akili huko angani, ulinasa wimbi upande wa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha Jua. Kama kuna watu walitamani liwe la kweli ni wao. Wakalichunguza, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba ni mwingiliano wa mitambo yetu wenyewe hapa duniani. Huo ndio utafiti. Yule wa studio hajawahi kutafuta kitu, anachukua kichwa cha habari anaacha kiwiliwili.

Hiyo saa nzima ya redio ingeweza kuuliza swali lenye maana kwetu. Afrika Kusini wana darubini ya redio ya MeerKAT, madishi 64 jangwani Karoo, na panajengwa darubini kubwa zaidi, SKA. Nchi nane za Afrika zimeingia kama washirika, wakiwemo jirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji. Tanzania hatumo. Kwa nini hatumo? Muiteni mhusika studio mumbane kwa hilo, king'ora kipumzike.

Ninachodai ni kitu kimoja: kipindi kilekile, saa ileile, waje na mtu aliyesomea fizikia aeleze 2020 kilitokea nini. Kama humu kuna mwalimu wa chuo au yeyote wa fani hiyo aliye tayari kuongea kwa simu, ajitokeze hapa chini. Mimi nitakwenda studio mwenyewe kuwapelekea ombi kwa maandishi, na wakikataa nitarudi kuwaambia walivyonijibu.