Nimepimwa jeni ya saratani ya matiti, majibu yananinyima usingizi

NyarAhero: Hamjambo wenzangu. Nina miaka 34, niko Kisumu, nina binti wa miaka 9. Mama yangu alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 41. Nimepimwa na nimekutwa na jeni ya saratani. Je, nimpime binti sasa au ningoje akue?

Mama_Kibuye: Pole sana dada. Mimi nilipomtajia mama mkwe jeni, yeye alisikia jini. Kesho yake nikakuta watu wa maombi sebuleni na chupa ya mafuta. Usimwambie kila mtu.

Mzee_wa_Luanda: Wanangu, ni vyakula vya siku hizi. Sisi tulikula mrenda na ugali wa wimbi, magonjwa haya hatukuyajua. Rudini shambani.

SistaNakuru: Dada, karatasi inasema nini hasa? Neno kwa neno.

NyarAhero: Imeandikwa BRCA2, hilo ndilo jina la jeni, halafu kuna badiliko ambalo umuhimu wake haujulikani. Si ni kitu kile kile? Mama alikufa, mnataka ushahidi gani tena?

SistaNakuru: Si kitu kile kile hata kidogo. Jeni ni kama maandishi marefu. Yako yameandikwa tofauti mahali fulani, na wataalamu bado hawajui kama maana imeharibika. Maabara hupanga mabadiliko katika makundi 5, kuanzia lisilo na madhara hadi lenye madhara. Lako liko katikati. Sisi Waafrika tunaangukia hapo mara nyingi zaidi, kwa sababu kumbukumbu wanazolinganishia zimejaa Wazungu. Na mengi yanayokuja kueleweka baadaye huhamishiwa upande wa yasiyo na madhara. Binti usimpime, majibu hayatamwambia lolote. Kuna hatua nyingine umeshachukua?

NyarAhero: Haya, niseme. Nimeweka tarehe ya kukatwa matiti yote mawili. Nimekodisha shamba la mpunga la mama misimu miwili, nikalipa nusu. Msinihukumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbadilishia bandeji, ile harufu haijanitoka puani. Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, naye alitolewa 2013 na hakuwa mgonjwa.

Kondele_Boy: Uzi wa kutunga huu. Kwanza umekutwa na jeni, mara haijulikani, mara upasuaji. Kisumu hii nani anapima jeni?

Mzee_wa_Luanda: Hata mimi nimeanza kushangaa.

NyarAhero: Sijatunga. Nilitolewa damu, ikatiwa kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, ikapelekwa nje ya nchi. Nilingoja wiki 5. Karatasi iko ndani ya Biblia ya mama, nimeikunja mara nne. Mnataka niwaonyeshe na kaburi?

SistaNakuru: Kondele, mwache. Damu kupelekwa nje ni kawaida. Dada, Jolie alikuwa na badiliko la BRCA1, jeni nyingine, lililojulikana kuwa na madhara. Wewe hatari yako inatoka kwenye ukoo, na mama wa miaka 41 si jambo dogo. Uchunguzi wa matiti uanze sasa, tena kwa mpango wa daktari. Lakini kisu kisishikwe kwa ajili ya karatasi hii. Omba mshauri wa jeni, na baada ya mwaka mmoja au miwili maabara iulizwe kama jibu limebadilika. Kuna ndugu wa mama aliyewahi kuugua na yuko hai?

NyarAhero: Mama mdogo, yuko Maseno. Alitibiwa titi miaka mitatu iliyopita. Hatujaongea tangu mazishi.

SistaNakuru: Huyo ndiye wa kupimwa kwanza. Akikutwa na badiliko lenye madhara, nyinyi wengine mtajua cha kutafuta. Na kama hilo lako hana, huo nao ni ushahidi kwamba huenda si lenyewe linaloleta ugonjwa.

Mama_Kibuye: Mpigie dada. Misiba hututenganisha kwa maneno ya sufuria na hema.

NyarAhero: Ilikuwa hema kweli. Upasuaji ni Alhamisi ijayo, nimewaomba wauahirishe. Mama mdogo hashiki simu. Jumamosi napanda gari la asubuhi niende Maseno, na karatasi naibeba.