Nani mwenye sifa ya kuzaa? Jibu kwa hoja ya akili na urithi

Ndugu mleta mada,

Nimeisoma hoja yako zaidi ya mara moja, na nitaieleza kwanza kwa haki ili anayejiunga na mjadala sasa asipotee. Unasema kwamba akili hurithiwa, kwamba wasomi huzaa wachache na kwa kuchelewa ilhali wasiosoma huzaa wengi na mapema, na kwamba tukiendelea hivyo, baada ya vizazi vichache jamii itakosa watu wa kufikiri. Kwa hiyo unapendekeza wenye akili wahimizwe kuzaa na wengine wazuiwe, kwa ushawishi ikiwezekana, kwa sheria ikibidi. Napinga pendekezo hilo lote, ushawishi wake pamoja na sheria yake, ingawa sipingi kila jambo ulilolijengea.

Ni kweli kwamba vinasaba vina mchango katika akili. Mapacha wa kufanana waliotenganishwa utotoni na kulelewa katika nyumba mbalimbali hukaribiana katika vipimo vya akili kuliko ndugu wa kawaida waliokulia pamoja, na anayelikana hilo kwa kuwa tu halimpendezi anaudhoofisha upande wetu. Lakini kusema kwamba urithi una mchango ni jambo moja, na kusema kwamba fulani atazaa mtoto mjinga ni jambo jingine kabisa. Francis Galton, Mwingereza ambaye mwaka 1883 aliipa jina eujeniki, yaani elimu iliyodai kuboresha uzao wa binadamu, ndiye huyohuyo aliyeonyesha mwaka 1886, kwa kupima vimo vya wazazi na watoto wao, kwamba watoto wa watu warefu mno kwa wastani huwa wafupi kuliko wazazi wao, na watoto wa wafupi mno huwazidi wazazi wao. Katika akili hali ni hiyohiyo. Wahenga waliposema akili ni nywele, kila mtu ana zake, walimaanisha kwamba hata mtoto na mzazi wake kila mmoja ana zake.

Sasa niiguse hofu yako ya taifa kupungukiwa akili, kwa maana imechunguzwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wastani wa alama katika vipimo vya akili ulipanda katika nchi nyingi kwa takriban alama 3 kila miaka 10, jambo ambalo mtafiti James Flynn alilitangaza kwa uzito kuanzia mwaka 1984. Vinasaba vya taifa zima haviwezi kubadilika kwa kasi hiyo. Baadaye, katika baadhi ya nchi, alama zilianza kushuka, na wenye mawazo kama yako wakasema ushahidi umepatikana. Nchini Norway, ambako vijana wa kiume hupimwa wanapoandikishwa jeshini, watafiti walichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa waliozaliwa kati ya 1962 na 1991, wakiwalinganisha ndugu wa familia moja. Waligundua kwamba kupanda na kushuka kote kunaonekana ndani ya familia zilezile. Kaka na mdogo wake wana baba mmoja na mama mmoja. Ikiwa mdogo amepungukiwa alama kwa kiasi kilekile ambacho taifa limepungukiwa, basi sababu haiwezi kuwa ni nani anayezaa zaidi. Iko katika mazingira wanamokulia. Ningependa uzipime takwimu hizo kabla ya kurudia neno “maangamizi”.

Kuhusu malezi, mfano ulionigusa kuliko yote unatoka Romania. Watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya malezi mjini Bucharest waligawanywa kwa kura: nusu wakapelekwa kwa familia za kambo, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya vituo. Kufikia umri wa miezi 54, waliopelekwa kwa familia walikuwa na wastani wa alama 81 katika kipimo cha akili, na wenzao wa vituoni 73. Walionufaika zaidi ni waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa kuwa kura ndiyo iliyowagawa, hakuna anayeweza kusema kwamba kundi moja lilikuwa na wazazi wenye akili zaidi. Tofauti hiyo ilitokana na kuwa na mtu wa kumbeba mtoto, kumsemesha na kumjibu anapolia. Na kabla hata ya malezi kuna mambo madogo kama madini ya joto, ambayo mama mjamzito akiyakosa sana ubongo wa mtoto hudhurika, na ambayo hupatikana kwa kuyatia katika chumvi. Mtu anayelilia akili za kizazi kijacho angeanzia hapo.

Lakini hata kama urithi ungekuwa na nguvu zote unazozidai, swali la nani atakayeshika mizani lingebaki. Kipimo cha kwanza cha akili kilichotumika sana kilitengenezwa na Mfaransa Alfred Binet pamoja na Théodore Simon mwaka 1905, kwa lengo la kuwatambua wanafunzi waliohitaji msaada, na Binet mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Kipimo hicho kilipovuka bahari kuingia Marekani kiligeuzwa kuwa chombo cha kuwahukumu watu.

Naomba nimsimulie Carrie Buck kwa kirefu kidogo, kwa sababu maisha yake ni pendekezo lako lililotekelezwa. Alizaliwa mwaka 1906 katika jimbo la Virginia, akalelewa katika nyumba ya watu wengine, akasoma bila tatizo hadi darasa la sita, kisha akaachishwa shule ili afanye kazi za nyumbani. Akiwa na umri wa miaka 17 alibakwa na jamaa wa familia hiyo akapata mimba. Familia ikamtangaza kuwa punguani na kumpeleka katika kituo ambako mama yake mzazi, Emma, alikuwa amekwisha kuwekwa. Mwaka 1924 jimbo lilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi watu wa aina hiyo, naye akachaguliwa kuwa mfano wa kuijaribia mahakamani. Mtoto wake Vivian alitazamwa akiwa na miezi kama saba tu, ikasemwa kwamba haonekani wa kawaida. Tarehe 2 Mei 1927, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba Carrie afungwe kizazi, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya wapumbavu vinatosha.

Yule mtoto wa kizazi cha tatu alikwenda shule, na mwaka 1931 jina lake liliingia katika orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki mwaka uliofuata kwa maradhi, akiwa na miaka 8. Mama yake hakupata mtoto mwingine. Mdogo wake Carrie, Doris, naye alifungwa kizazi, akaambiwa kwamba amepasuliwa kidole tumbo, na kwa miaka mingi alihangaika kutafuta mtoto na mumewe bila kuujua ukweli.

Utasema hayo ni makosa ya watekelezaji. Marekani watu zaidi ya 60,000 walifungwa kizazi kwa sheria za namna hiyo; Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1933, takriban 400,000; Japani ilikuwa na sheria yake kuanzia 1948 hadi 1996, na mahakama yake ya juu ilitamka mwaka 2024 kwamba ilikiuka katiba. Kosa linalorudiwa na mataifa yenye tawala tofauti hivyo limo ndani ya wazo lenyewe. Njia ya ushawishi nayo imejaribiwa: Singapore, mwaka 1984, iliwapa watoto wa akina mama wenye shahada kipaumbele cha kuingia shule, na wanawake wenye elimu ndogo wakaahidiwa fedha wakikubali kufungwa kizazi. Wananchi walichukizwa, na mwaka 1985 kipaumbele hicho kikaondolewa.

Mchangiaji mmoja ameuliza kwa nini anayeasili mtoto huchunguzwa ilhali anayezaa hachunguzwi. Ni swali zuri. Anayeasili anakabidhiwa na serikali mtoto aliyekwisha kuwapo, na serikali inawajibika kujua inamkabidhi nani. Anayetaka kuzaa hajakabidhiwa mtu wala hajamdhuru mtu. Mzazi akimtesa mtoto, sheria imchukulie hatua kwa alichokitenda, na hapo nakuunga mkono kwa nguvu zote. Kama ninavyounga mkono kila mwanamke anayetaka kupanga uzazi apate njia hiyo kwa hiari yake.

Basi ninakuuliza hivi, na ningefurahi ukijibu kwa ukamilifu: ungeletewa Vivian akiwa na miezi saba, ungetumia kipimo gani ambacho wataalamu wale hawakuwa nacho?