Naomba ushauri kuhusu kuwinda fezanti wanaoachiwa kwenye ardhi ya umma

Ndugu zangu wawindaji, naomba ushauri wenu. Hapa Pennsylvania, Marekani, mamlaka ya wanyamapori ya jimbo hulea fezanti, ndege wa asili ya Asia aliye jamaa ya kwale, kisha huwaachia kwenye ardhi ya umma wakati wa msimu, na tangu mwaka 2017 mwindaji mtu mzima hulipia kibali maalumu. Siku za mwanzo watu husongamana mno, nami nahofia sana marisau (risasi ndogondogo za kuwindia ndege) ya wenzangu, ingawa sote huvaa rangi ya chungwa inayong'aa. Ningependelea kwenda katikati ya juma, bila mbwa. Je, ndege waliosalia hujificha wapi zaidi, kwenye majani marefu ya kinamasi au kandokando ya mashamba ya mahindi? Na je, nikitembea polepole huku nikisimamasimama, wataruka?