Mrejesho: kanda za chelezo za DC6150 zimesomeka

Wakuu, lile swali langu la kutoa mafaili kwenye kanda za zamani za DC6150 (kaseti za utepe wa sumaku za kuhifadhia nakala za data za kompyuta) limepata jibu. Karibu zote zimesomeka.

Aliyenionya nisiingize kanda kabla ya kufungua kiendeshi (mashine inayosoma kanda), Mungu ambariki. Kile kigurudumu cha mpira kinachozungusha kanda kilishayeyuka, kinanata kama lami. Nimekwangua chote, nikasafisha kwa spiriti, nikavalisha mpira mpya wa kipenyo kilekile (kipenyo kikikosewa, kasi ya utepe inabadilika). Ndani ya kanda nako kuna ukanda mwembamba unaovuta utepe. Wangu ulikuwa umelegea, nikahamishia mwingine kutoka kanda nisiyoihitaji.

Kusoma kwenyewe kulikuwa rahisi: kadi ya SCSI (ya kuunganisha kiendeshi na kompyuta), Linux, na dd (amri ya kunakili data ghafi) kwa bloku za baiti 512. Nilichukua taswira nzima (nakala ya kila kilichomo kwenye utepe) kwanza, tar (furushi la mafaili) nikaifungua baadaye kwenye nakala hiyo, maana utepe mbovu unaweza kupita salama mara moja tu.

Kanda moja imegoma katikati, utepe umechubuka. Mafaili yaliyotangulia hapo ni mazima. Barua za WordPerfect (programu ya kuandikia) zinafunguka kwa LibreOffice. Hifadhidata bado napambana nayo.