H.P.42 ya 1:144 au Rapide ya 1:72: ipi ianze, na rangi gani ya silva?

bawa_pacha
Wakuu, nalinganisha seti mbili za kuunganisha modeli za plastiki za ndege za abiria za zamani: Handley Page H.P.42 ya Airfix (1:144, yaani ndogo mara 144 kuliko ndege halisi) na de Havilland Dragon Rapide ya Heller (1:72). Ipi inamfaa anayeunganisha mabawa pacha (moja juu ya lingine) kwa mara ya kwanza? Silva ipi inatulia kwenye unyevu wa huku kwetu ziwani? Na uzi wa kuigiza waya zinazokaza mabawa, upi unapatikana Kampala bila kuagiza nje?

fundi_Ntinda
Kwa nafasi ya rafu hazipishani sana. H.P.42 halisi ilikuwa na mabawa ya mita 39.6, kwa hiyo modeli inafika sentimita 27.5. Rapide ni mita 14.6, modeli sentimita 20.3.

Wengi huikimbia H.P.42 kwa sababu ya injini nne na mkia wenye usukani tatu. Lakini tazama katikati ya mabawa: nguzo zake zimepangwa kwa pembetatu ili zenyewe zibebe mzigo, hivyo waya ni chache mno. Ugumu wake uko kwenye kunyoosha. Bawa la chini linapanda kupita juu ya kabini; upande mmoja ukikosea milimita moja, nguzo za ncha hazifiki. Rapide ina nguzo chache, ila waya zake zinaonekana wazi. Mimi nasema anza na Rapide, maana bawa lake la juu hukaa sawa ukilishikilia kwa fremu ya kadibodi.

Mama_Rubaga
Naunga mkono Rapide, na kuna sababu nyingine: ni ndege ya kwetu. Shirika la East African Airways lilianza mwaka 1946 na Rapide sita. Ukitaka usajili wa Kenya, herufi zinaanza na VP-K. Za Uganda wakati huo zilikuwa VP-U. Tafuta picha ya ndege moja uifuate hiyo hiyo, usichanganye.

Kwa H.P.42, angalia toleo. Ndege za njia za mashariki, kama zile zilizoitwa Hannibal na Hanno, zilibeba abiria 24; za magharibi, kama Heracles, 38. Usibadilishe jina pekee ukadhani umemaliza.

kopo_na_brashi
Tuje kwenye silva, hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Kopo la kupuliza la rangi ya gari linang'aa vizuri, lakini thina yake inakula plastiki. Weka praima (rangi ya msingi) ya kijivu kwanza, iache siku nzima, kisha silva kwa mikupuo mitatu myepesi kutoka sentimita 25. Usipulize mvua ikinyesha. Thina ikiruka haraka inapoza uso, unyevu unatua juu yake, na silva inageuka ukungu mweupe. Subiri saa za mchana kukiwa na jua.

Akriliki kwa brashi ni salama kwa plastiki, ila chembe za aluminiamu hufuata mkono na kuacha mistari. Kwenye 1:72 inavumilika, kwa sababu mabawa ya Rapide halisi ni ya kitambaa.

fundi_Ntinda
Hapo kwa H.P.42 sikubali kopo la gari hata kidogo. Chembe zake ni kubwa. Kwenye 1:144 bati la mikunjo la ubavuni linaonekana kama limemwagiwa mchanga, na mikunjo inajaa rangi. Akriliki ya kupuliza kwa kompresa ndogo, basi.

Ggaba_pwani
Uzi: waya halisi wa milimita 8 kwa 1:72 ni milimita 0.11. Uzi wa kuvulia sangara ni mnene mno, usiuguse. Uliza uzi wa nailoni usioonekana kwa washonaji. Uzi wa kushonea nywele una manyoya, yataonekana hata baada ya rangi.

Toboa matundu ya milimita 0.3 kabla ya kupaka chochote. Gundisha ncha moja kwa supaglu, ngoja ikauke, vuta, gundisha ya pili. Ukilegea, pitisha kijiti cha ubani kinachofuka karibu nao bila kugusa; nailoni inajikaza kwa joto. Ukigusa, umekatika. Kwa waya chache za H.P.42, nyuzi za elastiki zinazochomolewa kwenye soksi ndefu za kina mama ni bora zaidi, nyembamba na hazilegei.

Mama_Rubaga
Nyongeza, ssebo (bwana): supaglu isikaribie vioo, mvuke wake unavitia weupe. Vioo vyote ni gundi nyeupe ya mbao. Stika za maji zibandike kabla ya bawa la juu, juu ya vanishi ya kung'aa, la sivyo hewa itabaki chini yake na herufi zitazungukwa na weupe.

bawa_pacha
Nimeelewa, naanza na Rapide. Uzito puani, ili modeli isiangukie mkia, unahitajika?

fundi_Ntinda
Hapana. Zote mbili hukaa mkia ukiwa chini, hata ndege halisi.