Mrejesho: programu ya snap iliyokataa kusoma flashi

Niliuliza kwa nini programu ya picha niliyoiweka kwa snap (vifurushi vya programu vinavyofungiwa visiguse kila kitu kwenye mashine) kwenye Ubuntu, mfumo wa Linux, haioni flashi za wateja hapa saiba ya Kondele, Kisumu. Aliyesema ni ruhusa, asante sana. Amri ya `snap connections` ilionyesha removable-media, yaani ruhusa ya kusoma flashi na diski za nje, ina kistari tu, haijaunganishwa. Nikaandika `sudo snap connect`, jina la programu, nukta pacha, removable-media, /media, folda ambako flashi huonekana, ikafunguka. Wale mlionishauri chmod 777, amri ya kumfungulia kila mtu faili, jamani, isingesaidia: AppArmor, mlinzi wa Ubuntu anayeifungia programu, hukataa hata faili ikiwa wazi kwa kila mtu. Programu ya mikutano ya video nayo nimeichomolea kamera kwa `snap disconnect` mpaka mteja aombe. Bosi analalamika, lakini mashine ni ya umma.