"Kwangu inapita", halafu anafunga ripoti!

Wakuu, nachapa huku mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua, hana haja ya kutajwa. Skripti yake ya kujaribu programu inaanza na #!/bin/sh, yaani iendeshwe na sh, mfasiri wa amri wa kawaida, ndani kajaza vitu vya bash, mfasiri mwenye nyongeza zake, mwanzo mwisho. Kwake sh ni bash, basi anadhani ulimwengu mzima ni bash. Ubuntu, mfumo wa Linux, walihamishia sh kwenye dash, mfasiri mwepesi usio na nyongeza hizo, tangu 2006! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anapiga kura, huyu bado hana habari.

Nimemripotia kwa adabu zote. Jibu: "Kwangu inapita." Akafunga. Hata salamu hakuna!

Oneni mstari wenyewe:

if [ "$hali" == "mbovu" ]; then exit 1; fi

Dash haiijui ==. Inafoka "unexpected operator", sharti linahesabiwa si kweli, exit 1 (toka kwa kosa) inarukwa, jaribio linamaliza na sifuri, yaani "imefaulu". Yaani programu imeoza na jaribio linasema safi! Alama moja tu ya = inakubalika kote. Nimemwandikia hivyo hivyo, neno kwa neno. Kwangu inapita!

Na sed -i yake je, amri ya kuhariri faili papo hapo? FreeBSD na macOS (mifumo mingine ya kompyuta) zinadai kiambishi cha jina la nakala ya akiba hata kikiwa kitupu. Usipoweka, zinaibeba amri yako zikidhani ndiyo kiambishi. Hapo hata sikufika, mlango ulishafungwa. KWANGU INAPITA! Mtu mzima kabisa!

mkia_f: Pole mkuu, ila kilio chote hiki kwa alama ya =? Kunywa maji.

bomba_kavu: Huyo huyo kaniachia echo -n (chapisha bila kuruka mstari) kila mahali. Kwenye sh ya macOS inachapisha "-n" kama ilivyo. printf ipo ya kazi hiyo hiyo, hataki!

sifuri: Afadhali nyie. Mimi wc -l (ya kuhesabu mistari) ya macOS inatanguliza nafasi tupu kabla ya namba. Nikilinganisha na "3" inakataa. Usiku kucha!

mkia_f: Tumia -eq, ulinganishe kama namba.

sifuri: Nimeweka, inagoma. Kumbe skripti imepitia Windows, kila mstari una \r (herufi isiyoonekana) mwishoni.

bomba_kavu: Windows tena? Nani kakuruhusu?

Mwanzisha uzi: Jamani, tulikuwa kwenye ==!

sifuri: Subiri kwanza mkuu. Hii \r inatolewaje?

mkia_f: tr -d '\r' inaifuta, ila andika kwenye faili jipya. Ukielekeza kwenye lile lile unabaki na tupu.

sifuri: Nimeshaelekeza lile lile.